Kutuliza krizi hakutoshi: tunataka dawa yenye kuzuia pumu

Maneno ya vijana wa harakati yetu mbele ya raia wa Kama, mkoa wa Maniema



Leo hatukuja kuzungumza juu ya barabara, wala kodi, wala uchaguzi. Tumekuja kuzungumza juu ya pumzi. Kati yetu kuna watu wazima, wanaume na wanawake wenye kazi na watoto wa kulisha, wenye jua likizama wanaanza kuogopa usiku. Wanajua kifua kinaweza kufunga saa yoyote. Ugonjwa wao ni pumu, ile wengi wetu tunaiita asme.

Neno letu ni moja, na tunalisema mapema ili mwenye haraka aende nalo. Pompi yenye tumezoea kununua inatuliza krizi, lakini haizuii krizi kurudi. Dawa yenye kuzuia iko. Ilijulikana zamani, imepimwa kwa maelfu ya watu wazima, na majibu yameandikwa. Sisi raia tuko na haki ya kujua majibu hayo, na kuuliza kwa nini dawa hiyo ni ngumu kupata huku kwetu.

Ndani ya kifua kuna nini

Mtu mwenye pumu, njia zake za hewa ziko na shida mbili kwa wakati moja. Ya kwanza, misuli inayozunguka njia hizo inakaza ghafla. Ya pili, ukuta wa ndani umevimba na unatoa makohozi, na uvimbe huo unaweza kuwepo hata siku ambayo mgonjwa anajisikia mzima, anacheka na anabeba mzigo wake sokoni.

Pompi ya kutuliza, ile ya salbutamoli, ambayo wengi wanaiita Ventolin hata kama si ya kampuni hiyo, inashughulikia shida ya kwanza tu. Inalegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake inaisha baada ya masaa 4 mpaka 6. Uvimbe unabaki pale pale. Ni sawa na nyumba yenye bati lililotoboka: unaweka ndoo chini, sakafu haiote maji leo, lakini tundu liko bado juu, na mvua itarudi.

Dawa ya kuziba tundu ni kortizoni ya kuvuta. Majina yake muyashike: beklometazoni, budesonidi, flutikazoni. Nayo inakuja ndani ya pompi, lakini kazi yake ni kupunguza uvimbe. Haifanyi kazi kwa dakika. Inahitaji siku, hata wiki. Ukiivuta leo hautasikia kitu, na njo maana watu wengi wanaiacha na kurudia ile ya kwanza, yenye wanasikia mara moja. Lakini ile yenye husikii ndiyo inayokulinda.

Na hii si dawa ya jana. Pompi ya beklometazoni iliingia sokoni Uingereza mwaka 1972. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa, hata wazazi wa wengine walikuwa bado watoto.

Utafiti umesema nini

Tunawaomba mutuvumilie kidogo na hesabu, juu mtu akikuuliza «munatoa wapi maneno haya?» inafaa uwe na jibu.

Mwaka 2000, mtafiti Samy Suissa na wenzake wa Kanada walichapisha kazi yao katika New England Journal of Medicine. Waliangalia maandishi ya dawa za wagonjwa wa pumu zaidi ya 30,000 wa jimbo la Saskatchewan. Waliona kwamba kila pompi moja zaidi ya kortizoni yenye mgonjwa alitumia kwa mwaka, ilienda pamoja na hatari ya kufa kwa pumu kushuka kwa 21%. Na wale walioacha kuitumia, hatari yao ilipanda katika miezi iliyofuata.

Mwaka 2014, Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza kilitoa ripoti ya uchunguzi wa watu 195 waliokufa kwa pumu. Uingereza ni nchi yenye dawa na hospitali karibu. Kati ya wagonjwa 165 wenye hesabu ya pompi zao za kutuliza ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pompi 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Hiyo ni zaidi ya moja kila mwezi. Kwa hiyo hao hawakufa kwa kukosa pompi ya kutuliza. Walikuwa nayo mkononi, na ilipaswa kuwa alama kwa kila mtu kwamba pumu yao imekosa kinga.

Tulipofika hapo wengine kati yetu walikaa kimya, juu kila mmoja ana mtu anayemfahamu mwenye kujisifu: «Mimi sina shida, pompi yangu iko mfukoni.» Tunamwambia ndugu huyo kwa upendo: kama pompi ya kutuliza inaisha haraka, hiyo ni kengele ya hatari.

Mwaka 2018 yalikuja majaribio mawili makubwa yanayoitwa SYGMA, juu ya watu wenye pumu nyepesi, wa kuanzia miaka 12. La kwanza liliongozwa na Paul O'Byrne wa Kanada, lilikuwa na watu 3,849. La pili, lenye watu 4,215, liliongozwa na Mwafrika, Eric Bateman wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Swali lilikuwa hili: watu wengi hawavuti dawa ya kinga kila siku, hata ukiwasihi. Je, tukiweka dawa ya kinga ndani ya pompi ile ile wanayokimbilia wakati wa shida, itakuwaje? Wakachanganya budesonidi, ambayo ni kortizoni, na formoteroli, ambayo inalegeza misuli haraka na kwa muda mrefu. Mgonjwa anavuta tu akisikia dalili.

Majibu: ukilinganisha na pompi ya kutuliza peke yake, krizi kali zilipungua kwa 64%. Na ukilinganisha na kuvuta kortizoni kila siku asubuhi na jioni, kinga dhidi ya krizi kali ilikaribia kuwa sawa, na katika jaribio la pili kiasi cha kortizoni kilichoingia mwilini kwa siku kilikuwa chini kwa 75%. Hatusemi kila kitu kilikuwa sawa: wenye kuvuta kila siku walikuwa na dalili ndogondogo chache zaidi ya wengine. Lakini kwa mambo yenye kupeleka mtu hospitali, njia ya mchanganyiko ilisimama imara.

Mwaka 2019 jaribio lingine, Novel START, lilifanywa kwa watu wazima 668 wa New Zealand, Australia, Uingereza na Italia, wakiishi maisha yao ya kawaida. Waliotumia mchanganyiko huo walipata krizi karibu nusu ya wale wa salbutamoli peke yake.

Mwaka huo huo wa 2019, GINA, mpango wa dunia unaotoa mwongozo wa kutibu pumu, ulibadilisha maneno yake. Ulisema wazi: mtu mzima ama kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe tena kwa pompi ya kutuliza peke yake. Kila mmoja apate dawa yenye kortizoni ya kuvuta, ama kila siku, ama kila mara anapohitaji nafuu.

Wandugu, hiyo ni 2019. Jiulizeni: katika farmasi yenye unapita kila siku, ni pompi gani iko pale mbele?

Na kwa mtu mwenye maisha magumu?

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya wazungu wenye nyumba safi. Tukatafuta tena. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani unaoitwa PREPARE. Uliwachukua watu wazima 1,201, wote Weusi na Walatino, juu nchini humo watu hao ndio pumu inawapiga zaidi. Wagonjwa wenyewe walisaidia kuupanga. Nao ulikuwa rahisi sana: endelea na dawa zako, lakini kila mara unapovuta pompi ya kutuliza, vuta na beklometazoni pamoja nayo. Walipewa mafundisho mara moja tu, mwanzoni. Krizi kali zilipungua kwa 15%. Mutasema ni kidogo. Lakini hao walikuwa watu wenye pumu ngumu, wengi wao walikuwa tayari kwenye dawa za kila siku, na nafuu hiyo iliongezwa juu ya ile waliyokuwa nayo.

Tunaupenda utafiti huo kwa sababu moja zaidi. Unatumia pompi mbili za zamani, zenye zinatengenezwa na viwanda vingi. Pale ambapo mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli haujafika, muuguzi anaweza kumfundisha mgonjwa njia hiyo, ama kumpa beklometazoni ya kila siku. Hakuna mashine. Hakuna umeme. Inatakiwa pompi yenyewe na dakika 10 za kufundisha.

Karibu na sisi, Uganda wamefanya kazi ya kwanza yenye kila nchi ingepaswa kufanya: kuhesabu. Watafiti wa Makerere, wakiongozwa na daktari Bruce Kirenga, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 wa kuanzia miaka 12, mjini na vijijini. Walikuta pumu kwa 11%. Hiyo ni kama mtu 1 katika kila watu 9. Kinshasa pia watafiti wetu wamechapisha, mwaka 2019, juu ya watu wazima wenye pumu yao haijatulia na sababu zake. Kazi hiyo tunaiheshimu. Lakini Kinshasa si Maniema. Moshi wa kuni na makala ya huku, vumbi la machimbo, ukungu wa asubuhi juu ya Lualaba, umbali wa kufika hospitali, hayo hayapimwi kwa kukaa Kinshasa.

Namna krizi inatibiwa huku kwetu

Tuseme kweli bila kumtaja mtu. Krizi ikishika mtu usiku, familia inatafuta pikipiki. Akifika, mara nyingi anapewa aminofilini ya kwenye mshipa na sindano ya dexa. Anapumua, anashukuru Mungu, analipa, anarudi nyumbani. Hakuna mwenye kumwambia: «Chukua hii pompi ya pili, itakuzuia usirudi hapa.» Baada ya wiki chache anarudi. Pesa ya pikipiki, ya sindano, ya kulala, ya siku zenye hakufanya kazi, muzihesabu kwa mwaka. Familia inalipa kinga mara nyingi, lakini kinga yenyewe haipati.

Muuguzi hatumlaumu. Anatibu na kile kilicho kwenye kabati lake. Dawa inafika Kindu kwa ndege, kwa treni ya kutoka kusini ama kwa mto kutoka Ubundu, kisha inaingia barabara yenye munaijua. Kitu chenye hakikuandikwa kwenye orodha ya kuagiza hakiwezi kufika kwa bahati. Sisi watu wa Kama tumechoka kuishi na «kama»: kama dawa ikipatikana, kama pikipiki ikiwaka, kama pesa ikitosha.

Wengine hawafiki hata kwa muuguzi. Mtu anakohoa, kifua kinapiga filimbi, jirani wanasema amelishwa sumu, wengine wanasema ni kifua kikuu. Kifua kikuu lazima kipimwe, hilo hatulikatai. Lakini kama makohozi hayana kitu na pumzi inafunga na kufunguka, hasa usiku, ama kwa moshi, vumbi na baridi, mtu aulize kuhusu pumu. Kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kupima nguvu ya pumzi: unakipuliza, mshale unapanda. Hakihitaji umeme wala mtaalamu wa Ulaya.

Woga wa kortizoni

Tunajua neno kortizoni linaogopesha. Kwetu watu wameona dexa inavyofanya, vile vidonge wengine wanameza ili wanenepe, kisha uso unavimba, sukari na presha vinapanda. Woga huo uko na msingi. Lakini tupige hesabu. Mgonjwa wa krizi kali anaweza kupewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, siku 5. Jumla ni miligramu 200. Mwenye kuvuta mikrogramu 200 kwa siku, ambayo ni dozi ndogo ya kila siku, angehitaji siku 1,000 ili afikishe miligramu hizo 200. Dawa hizi mbili hazina nguvu sawa, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuonyesha ukubwa tu. Hata hivyo inaonyesha: kuvuta kidogo moja kwa moja kwenye njia ya hewa kunamkinga mtu na kumeza nyingi mwili mzima. Mwenye kukataa pompi kwa kuogopa kortizoni, mara nyingi anaishia kuchomwa kortizoni nyingi zaidi.

Madhara madogo yapo: sauti kukwaruza, na utandu mweupe mdomoni. Kinga yake ni kusukutua mdomo kwa maji na kutema, kila baada ya kuvuta.

Na mwenye kuvuta afundishwe namna. Tikisa pompi. Toa hewa yote. Weka mdomoni, bana midomo, bonyeza mara moja huku unavuta polepole na kwa kina. Shikilia pumzi mpaka 10, kisha toa. Wengi wanabonyeza kabla ama baada ya kuvuta, na dawa inaishia kwenye ulimi. Kwa mwenye kushindwa, daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, katika jarida la The Lancet, kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa chini kwa umbo la pompi, ilifanya kazi kwa watoto wenye krizi sawa na kile kifaa cha dukani cha bei. Chupa hizo ziko barabarani kila mahali. Muuguzi akionyeshwa mara moja, anaweza kutengeneza nyingi kwa asubuhi moja.

«Nchi iko na shida kubwa zaidi»

Hilo tutaambiwa. Kuna vita, kuna malaria, kuna kolera. Pumu ni ugonjwa wa matajiri. Tujibu kwa hesabu ya OMS, Shirika la Afya Duniani: mwaka 2019 pumu ilishika watu milioni 262 duniani na kuua 455,000. Na vifo vingi viko katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini ya kati. Tajiri anaugua pumu pia, lakini tajiri anapata kinga. Tofauti iko pale.

Tutaambiwa pia: dawa ni ghali. Kwa mtu mmoja mmoja kwenye farmasi, ndiyo, ni ghali. Lakini bei inategemea nani ananunua na ananunua ngapi. Shirika la The Union, la kupambana na kifua kikuu na magonjwa ya mapafu, liliwahi kuwa na mfuko wa pamoja wa dawa za pumu. Nchi kama Benin na Sudan zilinunua kupitia mfuko huo pompi za ubora uliohakikishwa kwa bei iliyoshuka sana. Mfuko ulifungwa baadaye, lakini somo halikufungwa: wenye kununua pamoja wanapata bei. Na kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima, kortizoni ya kuvuta imo, na mchanganyiko wa budesonidi na formoteroli umo. Siku ya Pumu Duniani ya 2025, tarehe 6 Mei, ujumbe wake ulikuwa kwamba dawa za kuvuta ziwafikie wote. Wote, ni pamoja na Kama.

Tunachodai

Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Hatuombi zawadi. Tunadai haya:

1. Kortizoni ya kuvuta iandikwe kwenye orodha ya kuagiza ya kila zoni ya afya ya Maniema, pamoja na salbutamoli ya kuvuta, na bei ibandikwe ukutani.

2. Zoni za mkoa zinunue pamoja, kwa agizo moja, badala ya kila mmoja kutafuta kivyake.

3. Wauguzi wa vituo vya afya wafundishwe mambo matatu: kutambua pumu kwa mtu mzima, kumwonyesha mgonjwa namna ya kuvuta, na kutomruhusu mtu wa krizi arudi nyumbani bila dawa ya kinga.

4. Mpango wa Afya kwa Wote, ambao serikali ilizindua mwaka 2023 ikianza na uzazi wa bure, uweke pumu kwenye orodha ya magonjwa yatakayofuata.

5. Chuo Kikuu cha Kindu na watafiti wa nchi waje wahesabu watu wazima wenye pumu mkoani, na wajaribu njia zenye zinaweza kufanya kazi mahali pasipo umeme. Tuko tayari kusaidia kutafuta watu, kutafsiri maswali na kurudisha majibu kwa raia.

Na sisi vijana hatutakaa tukingoja. Tutapita katika kila farmasi na kituo cha afya chenye kitatukubalia, na maswali matatu tu: pompi gani iko leo, bei gani, na imekosekana kwa muda gani? Hatutachapisha jina la mgonjwa yeyote wala kumwaibisha muuguzi. Tutachapisha majibu. Kisha tutatumia kifungu cha 27 cha Katiba, kinachompa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa viongozi, peke yake ama pamoja na wengine, nao wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu hicho hicho kinasema mtu hawezi kushitakiwa kwa kupeleka ombi la namna hiyo. Kwa hiyo usiogope kutia sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole.

Kwa wewe mwenye pumu

Usingoje sisi tushinde ndipo ujilinde. Ukienda kwa daktari ama muuguzi, uliza kwa mdomo wako: «Kuna pompi ya kortizoni?» Usiangalie rangi ya pompi, juu rangi zinabadilika kwa kampuni, soma jina la dawa, ama mpe mtoto anayesoma shule akusomee. Kama umeandikiwa ya kinga, usiiache siku unapojisikia vizuri. Unajisikia vizuri juu yake. Usiitupe salbutamoli yako, utaihitaji; lakini hesabu ni mara ngapi unaivuta, na umwambie muuguzi hesabu hiyo.

Na ninyi jamaa: mtu akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta hewa, midomo ikibadilika rangi, ama pompi haimpi nafuu, msikae kuombea nyumbani peke yake. Ombeni mukiwa juu ya pikipiki, mukienda hospitali. Wenye pikipiki wa Kama, tunawaomba jambo moja: mgonjwa wa pumzi msimjadili bei kwanza. Mfikisheni, bei itajadiliwa pale.

Moshi nao tuupunguze penye tunaweza: jiko litoke nje ama dirisha lifunguliwe, na mwenye sigara asivute karibu na mwenye kifua.

Wandugu, watu wa mbali walikubali kupimwa, maelfu na maelfu, ili jibu lipatikane. Jibu limepatikana. Sasa kazi ni kulibeba mpaka huku, kwenye kabati la kituo cha afya, kwenye mkono wa mama anayeogopa jua likizama. Karatasi ya sahihi iko hapa mbele. Njooni.